Siku Arobaini za Kikwetu

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, mzima kabisa, ukiniona utasema nimerudia ujana. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu, kwa hiyo ukilazimika kupinda shingo kuusoma mwandiko, wewe pinda tu. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha.

Sasa sikiliza. Mama yako yuko huko kwako. Usinifiche. Aliondoka hapa Jumanne asubuhi na begi lake la kijani, akafunga mlango taratibu. Unamjua mama yako, akibamiza mlango jioni yuko nyumbani, akiufunga taratibu ni balaa. Mwambie arudi. Mwambie ni amri yangu. Hapa hakuna kilichoharibika. Napika, nafua, nafagia, na jana nimekaanga yai likatoka zuri kuliko lake, mwambie hivyo hivyo.

Kisa chenyewe ni kidogo. Jumamosi tulibishana habari ya kufunga nyumba tuje kuishi kwako. Nikamwambia mimi si kabati la kuhamishwa. Kesho yake, Jumapili, nikaanza kusema naye kikwetu. Ndiyo, lugha ya marehemu bibi yako, ambayo mama yako hajui hata neno la maji. Anadai namfanyia makusudi. Na nikifanya makusudi je? Ulimi ni wangu. Mwanamume mzima huchagua la kusema na lugha ya kulisemea.

Au umesahau baba yako ni nani? Miaka thelathini na moja kiwanda cha mbao, nyapara, katikati ya msumeno mkubwa na rundo la magogo. Mkono wa kulia mafundi wa mashine, hawajui ila Kiswahili. Mkono wa kushoto wasukuma magogo, watu wa kwa bibi yako, hawajui ila kikwetu. Gogo likiteleza huna nafasi ya kufikiri. Nilikuwa namwambia huyu zima, namwambia yule ruka, pumzi moja, lugha mbili, wala sijawahi kukosea mlango. Zamu ya wengine vidole vilikuwa vinadondoka kama maganda. Zamu yangu hata ukucha. Ndiyo maana wakaniita Sauti Mbili. Meneja alikuwa anawaleta wageni kuja kunitazama.

Jambo la mwisho. Ile simu ya Ijumaa, niliyopiga kutoka dukani, ulisema baba, baba, halafu ukakata. Mtoto hamkatii baba yake simu. Nitakusamehe siku mama yako akishuka hapa kwenye basi.

Nilianguka kidogo bafuni hiyo Jumapili, sabuni tu, kichwa kikagonga ukingo wa sinki. Uvimbe umeshaisha. Usimwambie, atakuja na mafuta yake ya kuchua yananuka.

Ni mimi baba yako,
Sauti Mbili

*

Tarehe 9 Machi

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata. Mama yuko hapa, hajambo. Analala na wajukuu wako, mchana ananisaidia kupiga pasi sare za shule kabla hazijaenda kwa wateja. Haulizi habari zako. Nilipofungua bahasha yako alitoka nje kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Simu nilikata, sikatai. Nilisikia kikwetu. Baba, nilikuwa na sindano mdomoni na mteja amesimama mbele yangu, na nilisikia kikwetu nikawa na miaka kumi tena.

Umesahau au unajifanya umesahau? Mimi nakumbuka. Nilikuwa darasa la nne. Mama alipata kazi ya kupika shuleni kwetu, wewe hukutaka. Ukaanza kikwetu. Siku arobaini. Bibi alikuwa amenifundisha, kwa hiyo mkanisimamisha katikati ya meza. Wewe unasema, mimi namgeuzia Mama. Mama anajibu Kiswahili, na wewe, unayekisikia kila neno, unanigeukia ungoje nikutafsirie! Siku moja ulisema mchuzi ule hata mbwa angeususia. Nikamwambia Mama umesema umeiva vizuri. Ukanizaba kofi. Ulikuwa umenisikia, si Kiswahili?

Siku ya arobaini Mama aliiacha ile kazi. Jioni yake ukaagiza chai kwa Kiswahili kizuri kabisa, eti koo ndilo lilikuwa linakusumbua. Mama akakupa chai, akakwambia ukirudia tena mchezo huu naondoka. Nilikuwepo. Umerudia, ameondoka. Ulitegemea nini?

Mimi tangu siku ile kikwetu nilikizika. Wanangu hawajui hata salamu yake. Siwi mkalimani wenu tena, Baba.

Jana usiku nimembembeleza Mama mpaka akasema neno moja. Anasema hivi: barua hazitaki, maana hata barua unanitumia mimi, umeniweka katikati vilevile. Ukitaka arudi piga simu, useme naye yeye, kwa mdomo wako, kwa Kiswahili, neno moja tu, rudi. Hataki samahani, anajua hiyo huna. Neno moja. Atabeba begi siku hiyohiyo.

Ni rahisi hivyo, Baba. Tafadhali.

Binti yako

*

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Mimi siamrishwi kwa simu. Tena neno lenyewe si ninaliandika? Rudi. Haya. Rudi rudi rudi rudi. Nimemwandikia mara tano na wino ni wangu. Mwonyeshe. Mdomo na mkono vyote vya mtu mmoja, kuna tofauti gani?

Huku mambo shwari. Dukani naenda na kitambaa nimefunga taya, nimewaandikia kwenye kikaratasi kwamba jino linaniuma. Naonyesha kidole, chumvi ile, sabuni hii, kiberiti. Mwenye duka ananipa pole kila siku, jana ameniuliza mzee jino gani hilo lisilong'oka wiki tatu. Nikatikisa kichwa kwa hekima. Watu wananiheshimu zaidi nikinyamaza, sikuwa nalijua hilo.

Mama wa Genge, huyo jirani anayeuza nyanya ukutani kwetu, yeye hadanganyiki na kitambaa. Alinisikia Jumapili ile nikisema na mama yako. Nikipita anapiga makofi. "Haya Sauti Mbili, mchezo umeuanza upya? Safari hii kakukimbia, utamsemea nani, sufuria?" Mtaa mzima unacheka. Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana.

Sikumjibu.

Simu nitapiga nikipata nafasi. Nina kazi nyingi. Lakini wewe mwambie mama yako aache masharti ya mdomo. Aombe jingine. Niko tayari hata hilo la kuhamia kwako, mwambie, nitapanda basi nikae kwenye kona yoyote mtakayonipa. Umeona? Mimi Sauti Mbili nimeshuka mpaka hapo. Lakini la mdomo hapana. Nina sababu zangu.

Baba yako,
Sauti Mbili

*

Tarehe 22 Machi

Baba, shikamoo.

Nimemwonyesha Mama hizo "rudi" zako. Alizihesabu. Akasema, mtu aliye tayari kuhama nyumba yake lakini hayuko tayari kusema neno moja na mkewe, huyo ananidharau kuliko nilivyofikiri. Halafu akalia, Baba, na Mama si mtu wa kulia. Alilia akipiga pasi, mvuke ukawa unamsaidia kuficha.

Sikuelewi. Nilidhani ukikubali kuhama yameisha. Ungesema rudi, mngehamia hapa wote, tungekuwa tunacheka sasa. Ni kitu gani hicho kigumu? Herufi nne!

Mama ameamua kubaki. Anataka cherehani yake na zile nguo za sandukuni. Jirani yetu dereva wa lori la saruji anapita huko Jumamosi ya tarehe 30, atakuja kuvichukua. Ni mtu mwema. Tafadhali usimsumbue, na usimsemeshe kikwetu, yeye hahusiki na yenu.

Cherehani ikishafika hapa Baba, unajua. Ile ndiyo ilikuwa mguu wake wa mwisho ndani ya nyumba yako.

Binti yako

*

Tarehe 31 Machi

Mwanangu,

Huyo dereva atakuwa ameshakwambia kwamba baba yako ni kichaa. Nisikilize na mimi.

Alikuja saa nne asubuhi. Mpole kweli, alivua viatu mlangoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri, nimeoga, nimevaa koti. Nilikuwa nimepanga nimwambie kijana, kaa, kunywa chai, halafu umwambie mke wangu hivi na hivi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Akasema shikamoo mzee, nikafungua mdomo, kikatoka kikwetu. Akacheka kidogo, kwa adabu. Nikajaribu tena, kikwetu. Nikapandisha sauti kana kwamba yeye ndiye kiziwi. Akaacha kucheka. Akaishika cherehani, mimi nikaikalia. Ndiyo, juu yake, na koti langu. "Mzee shuka basi, mimi nimetumwa tu." Nilikuwa namwambia usiichukue, ukiichukua mke wangu harudi, na yeye alikuwa anasikia mtu anamtukana. Akamwita Mama wa Genge aje kutafsiri, yule naye akaja anafuta mikono. "Tafsiri ya nini baba? Huyu anajua Kiswahili kuliko mimi na wewe. Kamkomoa mkewe, sasa anatukomoa na sisi." Wakanishika huku na huku wakanishusha kama gunia. Cherehani imeenda.

Sasa nakwambia jambo, na ukimwambia mama yako sitakusamehe.

Siwezi.

Mwanangu, siwezi kusema Kiswahili. Tangu sinki ile. Nilipoinuka sakafuni mama yako alikuwa anarudi sokoni, akaniuliza mbona umelowa. Nikamjibu nimeanguka. Nilimjibu Kiswahili, hivyo ndivyo nilivyodhani. Nikamwona uso umebadilika. Akasema, umeanza? Hapo ndipo nikajisikia. Nikajaribu kusema hapana, sijaanza, kikatoka kilekile. Alikuwa ananitazama kama ile miaka. Sasa ningefanya nini? Nikajifanya ni makusudi. Bora aseme baba yako ni mkorofi kuliko aseme baba yako ameisha.

Neno naliona. Lile la herufi nne, nalijua, liko hapa, mkono unaliandika bila shida. Nikilipeleka mdomoni linasukumwa pembeni na lile la mama yangu, linatoka hilo. Kila siku najaribu. Nafunga madirisha nalisema mara mia. Mara mia linatoka lingine.

Nimekaa nikafikiri sana ile kazi ya kiwandani. Watu walidhani ujuzi wangu ulikuwa kufungua, huku Kiswahili, huku kikwetu. Na mimi nilijisifu hivyo. Kumbe kufungua kila mtu anaweza. Ujuzi ulikuwa kufunga. Nikisema na fundi nilikuwa nimekifunga kikwetu kimya, bila hata mimi kujua nimekifunga. Hicho cha kufungia ndicho kimevunjika. Kikwetu kimeachiwa, kinajaa mlangoni, Kiswahili kiko nyuma yake kinapunga mkono.

Nilikupigia ile simu nikwambie hilo. Nilidhani wewe utaelewa, ndiwe pekee uliyebaki unayekijua. Ulikata.

Usimwambie. Sitaki aje kwa huruma. Nataka aje kwa sababu anataka. Lakini nifanyie hila, wewe una akili kama zangu, tafuta namna arudi bila kulidai lile neno. Nakuomba. Umeshawahi kuniona nikiandika nakuomba?

Baba yako

*

Tarehe 6 Aprili

Baba yangu,

Nisamehe ile simu. Sijui niandike nini zaidi kuhusu simu, nisamehe.

Barua yako niliisoma chooni, nimejifungia. Kesho yake sikufungua kazi, nikaenda nayo hospitali ya huku, nikamsomea daktari. Hakucheka. Amesema yanatokea. Mtu ana lugha mbili, kichwa kikigongwa au damu ikivuja ndani, moja inashindwa kutoka, na si yeye anayechagua ibaki ipi. Wakati mwingine mkono unaandika kile ambacho mdomo unashindwa. Akaniuliza umri wako na ni lini ulianguka. Nilipomwambia wiki sita akaacha kuandika. Anasema damu inaweza kuwa bado inakusanyika polepole, inakandamiza. Uende hospitali kubwa ya huko, leo, si kesho. Baba usinifanyie ubishi. Nenda.

La pili utanikasirikia. Nimemwambia Mama. Nisingeweza kukaa naye meza moja nikiwa na jambo hilo. Nimemsomea barua yote.

Hakuamini.

Aliomba aishike. Akaipitisha kidole mstari kwa mstari. Akasema, "Kurasa mbili za Kiswahili. Kimejaa mpaka pembeni, kina koti na kioo na mzaha ndani yake. Halafu anasema kimempotea! Kimempotelea wapi, mwanangu, mbona naona kiko hapa?" Nikamweleza maneno ya daktari. Akasema daktari amesomewa barua, na wa kuandika barua ni baba yako, na baba yako alishawahi kuumwa koo siku arobaini. "Nilishamuamini mara moja."

Nikamjibu mbona safari hii ameomba, hajawahi kuomba. Akaikunja barua taratibu. Nadhani lilimgusa. Lakini hakufungasha begi.

Na nikuambie ukweli wote, maana umeniambia wako. Kuna saa na mimi sijui niamini nini. Naisoma barua yako naona imenyooka sana. Naona aibu kuandika hivi. Nenda hospitali, Baba, wakupe karatasi ya daktari, nimwekee Mama mezani.

Binti yako

*

Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Basi kila nikiandika najishitaki. Nikiandika vizuri mimi mwongo. Nisipoandika sina mdomo mwingine. Hapo umenishinda, na mimi huwa sishindwi.

Nilikwenda. Nilipanga foleni tangu asubuhi, nimevaa koti. Muuguzi wa dirishani msichana mdogo kama wewe ulivyokuwa. Akaniuliza mzee unaumwa nini, nikamjibu, akaita mwenzake, akaita mwingine, watatu wananitazama mdomo. Nani anaijua lugha ya mzee huyu? Wakauliza kwenye mabenchi yote. Mwanangu, ukumbi mzima alitafutwa mkalimani kwa ajili yangu. Kwa ajili ya nani? Yangu mimi! Nikaomba kalamu nikaandika nasikia Kiswahili chote, niliyeanguka ni mimi, kichwa. Yule msichana akasoma, akasema mzee kumbe unajua kuandika Kiswahili, sasa kwa nini unatusumbua? Rudi na mtu wa familia. Akaita anayefuata.

Mtu wa familia.

Sasa lingine limeanza, nalo ndilo linalonitetemesha. Redio. Juzi nilifungua taarifa ya habari, yule mtangazaji wa siku zote. Nikasikia sauti yake inapanda inashuka, vizuri, lakini maneno hayamo. Kama mtu anasema ndani ya pipa. Dakika chache, halafu yakarudi. Jana tena, na yalichelewa kurudi.

Na mkono. Nimekaa na barua hii tangu asubuhi na jua limeshavuka dirisha. Nilitaka kuandika ile ya, ile unayofungia mlango, ya chuma, inaingia tunduni. Naiona. Haikuja. Nikaiandika mlango mdogo. Nimefuta. Juu hapo nimekosea mara nyingi nikanakili upya ili usione. Huo unyoofu wenu mnaousema ni wa kunakili mara nne, mwanangu, mwambie mama yako, mara nne.

Kikwetu sijui kukiandika. Hakuna aliyewahi kunifundisha, hata bibi yako hakuwa na herufi zake. Kikiisha hiki cha mkononi nitabaki na kile cha mdomoni, na mtaa huu hakuna wa kukisikia, wasukuma magogo walitawanyika kiwanda kilipofungwa. Nitakuwa mtu anayesema siku nzima na hakuna mtu ndani ya nyumba wala nje.

Mwambie siamuru. Mwambie ile ya mwaka ule ilikuwa makusudi. Koo halikuuma. Kazi ile ya shuleni angeifanya vizuri, watoto wangemshukuru, mimi nilikuwa naogopa tu kwamba ata

ataona hanihitaji mimi. Hilo mwambie.

Lile la huruma nalifuta. Aje na huruma. Aje na chochote.

Kichwa kinauma upande wa, huu wa kuandikia. Nimesahau jina lake upande huo.

Baba

*

Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Ni mama yako. Namwachia barua hii dereva wa lori, anaondoka sasa hivi. Simu ya dukani kwenu hailii, nimejaribu tangu jana. Soma akiwa amesimama hapo, umjibu papo hapo, anageuza jioni.

Nilifika Jumatatu. Sikugonga. Nilizunguka nyuma nikasimama chini ya dirisha la jikoni, nataka kusikia kwanza. Unajua kwa nini? Mwaka ule wa siku arobaini baba yako alikuwa ananisemesha kikwetu mezani, halafu anaingia bafuni anajisemea Kiswahili. Nilimsikia kila siku. Anaimba, anamtukana meneja wake, yote Kiswahili, alikuwa anadhani maji yanamfunika. Sikukwambia wewe, ulikuwa mtoto. Basi nikasema nikisimama hapa saa moja nitamkamata.

Alikuwa anahangaika na sufuria peke yake. Akaishika mpini bila kitambaa. Mwanangu, mtu akiungua hachagui. Alipiga kelele kikwetu. Akaipuliza ile mikono akaendelea kulalamika polepole, kikwetu, akamwita mtu, nadhani ni mama yake. Sikungoja hiyo saa iishe.

Nikaingia. Sikumwambia aseme kitu. Nilimpaka dawa ya kuungua, akaniacha nimpake. Kakonda. Koti lile linamning'inia. Mezani kulikuwa na karatasi nyingi, zote zimeanzwa "Mwanangu" na hazikwisha.

Jumanne asubuhi mkono wake wa kulia haukuinuka. Mama wa Genge ndiye aliyekimbia kutafuta gari, analia njia nzima, anasema mzee nisamehe. Tuko hospitali kubwa. Damu imekusanyika ndani ya kichwa kama yule daktari wako alivyosema. Wanataka kumtoboa fuvu waitoe. Wamepanga kesho, Ijumaa, mapema.

Tabu ni kwamba sasa yeye hatuelewi. Kiswahili hakimwingii tena. Namwambia ni mimi, mkeo, ananitazama mdomo kama mtu anayetazama samaki. Wauguzi wakija na sindano anapigana nao, amechomoa mpira wa maji mara mbili, damu ilitapakaa shukani. Hajui wanamfanya nini. Anadhani ni watu wamemvamia. Wamesema wakishindwa watamfunga mikono kitandani, na mimi nimekataa, nimewaambia subirini, kuna mtu anaijua lugha yake.

Njoo kama unaweza. Lakini usije kusimama katikati yetu, safari hii nitasema naye mwenyewe. Wewe niandikie tu, kwa herufi za Kiswahili, jinsi yanavyotamkwa, makubwa nisome bila miwani. Niandikie: hawa wanakusaidia. Niandikie: sindano hii ni dawa. Niandikie: kichwa kitafunguliwa kidogo, utalala, utaamka. Niandikie: siendi popote. Usiniambie umeyasahau. Yatafute. Kaa chini umkumbuke bibi yako jikoni, anza na maneno aliyokuwa akikulisha nayo, mengine yatafuata.

Na kuna jambo lingine. Tangu juzi ananiuliza kitu kimoja. Najua anauliza kwa jinsi sauti inavyoishia juu. Ananishika mkono kwa ule wa kushoto, anauliza, anangoja. Nikinyamaza anauliza tena, maneno yaleyale, hachoki, unamjua. Nimejaribu kuyaandika hapa chini kama ninavyoyasikia lakini herufi zinakataa kukaa. Dereva nimemfundisha, nimemkaririsha mara kumi hapa koridoni, atakusemea kwa mdomo. Msikilize vizuri.

Jana jioni aliponiuliza tena nilimjibu ndiyo. Nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Akaniachia mkono akalala, ndiyo mara ya kwanza kulala tangu tufike hapa. Sasa nataka kujua nimekubali nini. Kama ni jambo la kufanya, nilifanye leo, kabla hawajaja kumchukua.

Mama yako